Aliyeshika Ncha ya Mbele ya Fimbo

Fimbo ya baba mdogo ilikuwa ndefu kuliko mimi. Ilikuwa ya mti mgumu wa mlimani, imelainika kwa jasho la viganja, na karibu na mahali niliposhika palikuwa na fundo moja ambalo hadi leo nikifumba macho nalihisi kidoleni. Yeye alishika ncha ya nyuma, mimi ya mbele. Nilikuwa na miaka 9. Tukitoka Baraka kwenda Sebele kwa njia ya kando ya ziwa, kila baada ya hatua chache aliuliza, “Kuko nini mbele?” Nami nikajibu, “Kuko maji, baba mudogo,” au, “Kuko mama anapita na beseni ya ndakala.” Siku nikiwaona askari nikasema, “Kuko basoda,” fimbo ilikakamaa mkononi mwangu kabla yeye hajatamka neno.

Begani alining'iniza redio ya kaseti iliyofungwa katika kipande cha kitenge. Alikuwa amepata lisansi, shahada yake ya historia, huko Bukavu, na mwaka uleule presha ya macho ikamnyang'anya nuru, akiwa na miaka 26. Alirudi kwetu Fizi, mashariki ya Kongo, lakini hakurudi kukaa barazani. Alizunguka vijiji vya ziwani na vya mlimani, kutoka Mutambala hadi Lulenge, akiwarekodi wazee wa Kibembe: ukoo upi ulishuka kutoka Itombwe, nani alimkaribisha nani, mpaka wa shamba hili ulikatwa kwenye jiwe gani. Kwa kipimo chochote kile alikuwa mtafiti anayeanza kazi. Aliomba nafasi ya asistanti katika chuo kimoja, akajibiwa kwamba kazi hiyo yataka mtu aliye mzima wa viungo.

Mimi nilipoteza miaka miwili ya shule ya msingi. Watu walimsifu baba mdogo kwa moyo wake mgumu, wakanisifu mimi kwa adabu yangu, na hesabu ikaishia hapo.

Nimekua, nimefundisha, nimekaa kwenye mikutano inayozungumzia jinsi ya kuwasaidia watafiti vijana wenye ulemavu au maradhi ya kudumu. Kila mara anayezungumziwa ni mtu mmoja: apewe kiti cha magurudumu, apewe kompyuta inayosoma kwa sauti, ajengewe njia ya mteremko. Ni mambo mema, na hakuna lililo la ziada. Ila mimi nilikuwa upande wa pili wa fimbo, na najua kwamba utafiti ule ulifanywa na watu wawili. Kwa hiyo nimeanza kuzipima mila mbalimbali, za kwetu na za mbali, kwa swali moja tu: yule aliyeshika ncha ya mbele alipata nini?

Nianze nyumbani. Kwa Wabembe kuna lubunga, mahali ambapo wanaume wa ukoo hukaa, husikiliza mashauri na kukata maneno. Macho ya baba mdogo yalipozimika, jambo lake lililetwa lubunga, na likamalizwa kabla jua halijazama. Hakutakiwa kuleta karatasi ya daktari. Hakuulizwa kama ulemavu wake umefika asilimia ngapi. Kaka zake walisema, huyu ni wetu, kazi anayoitaka ni ya kutuwekea maneno ya wazee, apewe mtu. Mtu huyo nikawa mimi, mtoto wa tatu wa kaka mkubwa. Sijaona ofisi yoyote duniani inayojibu ombi kwa kasi ile, na nasema hivyo kwa heshima yote. Lakini katika lubunga ile hakuna aliyeniuliza mimi, wala mama yangu, na minervali, yaani ada iliyokuwa imekwisha kulipwa shuleni, ikapotea bila mtu kuilalamikia.

Linalonishangaza ni kwamba katika nchi hiihii ya milima kulikuwa na utaratibu mwingine uliomjali msindikizaji. Mwaka 1949 alifika huku kijana wa Kibelgiji, Daniel Biebuyck, hajatimiza miaka 25. Alitumwa na IRSAC, taasisi ya utafiti ya koloni iliyoanzishwa 1947 na kujenga makao yake Lwiro, kaskazini ya Bukavu. Alianzia kwa Wabembe, akaendelea kwa Walega, kisha kwa Wanyanga, na alichokiandika juu ya Bwami ya Walega kinasomwa hadi leo. Bwami ilikuwa jumuiya ya ngazi. Mtu alipanda kidogo kidogo kwa kufundishwa, kwa kutoa mali na kwa kuchangiwa na ndugu, na aliyefika kindi alikuwa amefika juu kabisa. Hakuna aliyepanda peke yake, hilo kila mmoja alilijua. Na mke aliyeingizwa pamoja na mumewe alipata ngazi yake mwenyewe. Wa juu waliitwa kanyamwa, nao walikuwa na vitu vyao vya heshima na mafundisho yao. Sisemi ilikuwa paradiso ya wanawake, maana mlango wao wa kuingilia ulikuwa ndoa. Nasema tu kwamba aliyekwenda bega kwa bega na mpandaji hakubaki chini akimngojea. Serikali ya kikoloni iliipiga Bwami marufuku 1948, mwaka mmoja kabla ya Biebuyck kufika.

Biebuyck mwenyewe ni mfano wa mtafiti chipukizi aliyepewa vyote: mshahara, miaka ya kukaa, watu wa kumwongoza njia na kumtafsiria maneno. Mwili wake ulikuwa mzima, na bado ilionekana jambo la kawaida kwamba asingeweza kazi ile peke yake. Mgeni asiyejua njia ni kama kipofu, na taasisi ilimlipia macho. Kijana wa Fizi asiyeona, ajuaye njia zote kwa miguu yake, anaambiwa kazi hii haikufai. Kila nikiliwaza hili moyo huniuma.

Baraka ni jina la Kiarabu, na Waislamu wa Baraka na wa rasi ya Ubwari wana kumbukumbu ya misafara iliyovuka kutoka Ujiji. Kwa hiyo si kwenda mbali nikigusa mila ya Al-Azhar, msikiti wa elimu kule Cairo. Katika karne ya 18 mkuu mmoja, Uthman Katkhuda, alijenga kando ya msikiti ule zawiya ya vipofu. Edward Lane, Mwingereza aliyeandika habari za Misri katika kitabu kilichotoka 1836, anasema humo walitunzwa vipofu wapatao 300, wengi wao wanafunzi, kwa mali iliyowekwa wakfu. Hapa pana jambo ambalo lubunga haikuwa nalo. Mkate wa mwanafunzi kipofu haukutegemea kama kaka yake amevua samaki jana. Ulikuwa umewekwa, una mlango wake na mlinzi wake, na aliyeutoa alikuwa ameshakufa zamani. Hakuna wa kusimangwa wala wa kusimanga. Kipofu katika mila ile hakuwa kioja cha elimu, kwa kuwa elimu yenyewe ilikaa kifuani: Kurani iliyohifadhiwa, sarufi iliyohifadhiwa, hadithi na wapokezi wake.

Taha Hussein alitoka katika mila hiyo. Alizaliwa 1889, akapoteza macho akiwa mtoto mdogo, akaenda Al-Azhar 1902 akiwa chini ya uangalizi wa kaka yake. Mwaka 1914 alipata udaktari wa Chuo Kikuu kipya cha Misri kwa kazi juu ya al-Ma'arri, mshairi wa Sham aliyekuwa kipofu kama yeye, kisha akapelekwa Ufaransa. Huko ndiko alikokutana na Suzanne Bresseau, aliyemsomea vitabu kwa sauti. Wakaoana 1917, na tasnifu yake ya Sorbonne juu ya Ibn Khaldun ikakamilika. Dunia inamkumbuka Taha Hussein kwa kitabu cha maisha yake, Siku, na kwa kuwa Waziri wa Elimu. Mimi namkumbuka pia kwa sababu Suzanne, baada ya kufiwa, aliandika kitabu chake mwenyewe juu ya maisha yao. Sauti iliyosoma kurasa zote zile ikapata kurasa zake. Lakini tuseme kweli: ilibidi awe mke. Lau angekuwa karani wa kulipwa siku kwa siku, nina shaka kama tungemjua.

Kwenye pwani yetu ya Kiswahili ninaye mmoja tu wa kumweka hapa, na nampenda. Mwana Kupona binti Msham alitunga utendi wake karibu na 1858, akiwa ameugua mwaka mzima, miaka kama miwili kabla ya kufa. Anamwita binti yake asogee na vyombo vya kuandikia. Kitandani yuko mgonjwa mwenye elimu, na kando yake yuko kijana mwenye kalamu, na utendi wote unaelekezwa kwa huyo aliyeishika. Hapo msaidizi ndiye mrithi. Sijui mpango bora kuliko huo, ila hauwezi kuandikwa katika bajeti.

Kisa kingine kilitokea Fizi penyewe, nacho husimuliwa kwa namna ambayo mgonjwa haonekani. Usiku mmoja wa Aprili 1965 Ernesto Che Guevara alivuka ziwa kutoka Kigoma akashukia Kibamba, akaitwa Tatu, yaani namba tatu katika hesabu ya Kiswahili. Vita vyake huku havikufika popote, na mwezi wa Novemba aliondoka amekonda sana. Watu husimulia bunduki. Wachache hukumbuka kwamba alikuwa na pumu tangu utotoni, na kwamba kabla ya bunduki alikuwa mtafiti anayeanza. Baada ya kupata udaktari Buenos Aires mwaka 1953, alikwenda Mexico na kufanya kazi katika hospitali kuu kwenye kitengo cha mzio, ugonjwa unaokaribiana na wake, na 1955 akatoa makala ya utafiti. Posho haikutosha, akawa anapiga picha za wapita njia ili ale. Nikimsoma huko Mexico namwona asistanti wa Baraka: kifua kinabana, makala inasubiri, na jioni kuna kazi nyingine ya kutafuta unga.

Huku Fizi alipewa kijana, Freddy Ilanga, awe mkalimani wake na amfundishe Kiswahili. Ilanga ndiye aliyeshika ncha ya mbele. Wakuba waliokuja na Che walipoondoka, naye akapelekwa Cuba, akasoma, akawa daktari, akaoa, akafa kulekule 2005. Kwa miaka mingi ndugu zake walidhani amekufa zamani. Je, alilipwa au alilipishwa? Nimelizungusha swali hilo mara nyingi na bado sijalimaliza. Alipata taaluma ambayo milima yetu isingempa, na akapoteza nyumbani. Hakuna aliyekaa naye kabla ya safari akamwambia kazi yako itakwisha lini na utarudije.

Mila ya kisheria ya Ulaya, ambayo wengi wetu hufikiri ndiyo pekee, ina kitu kimoja ninachokionea wivu: inamlipa msindikizaji. Uingereza tangu 1994 kuna mpango unaoitwa Access to Work, ambao humlipia mfanyakazi mwenye ulemavu au ugonjwa wa kudumu mtu wa kumsaidia kazini, mkalimani wa lugha ya alama, hata teksi ikiwa hawezi kupanda basi. Ufaransa tangu 2011 hutenga mikataba ya udaktari kwa vijana wenye ulemavu, na kanuni zao za 2016 zinaruhusu muda wa tasnifu kurefushwa kwa sababu hiyo. Karibu nasi, Uganda huwatengea wanafunzi wenye ulemavu nafasi 64 kila mwaka katika vyuo vikuu vya umma. Gharama ya mila hii ni ushahidi. Lazima uthibitishe mwili wako kwa fomu, kisha uthibitishe tena, mbele ya watu wasiokujua. Baba mdogo angeichukia. Mimi ningekaa darasani.

Na Kongo? Tusiseme hatuna kitu. Katiba ya 2006, ibara ya 49, inawapa wazee na watu wenye ulemavu haki ya kulindwa kwa hatua maalumu. Mwaka 2015 nchi ilijiunga na mkataba wa Umoja wa Mataifa juu ya haki zao, na tarehe 3 Mei 2022 ikapata sheria kamili, namba 22/003. Nimeisoma kwa furaha. Lakini karatasi ya Kinshasa ikifika Baraka hukuta chuo ambacho asistanti wengi hawajamekanizwa, yaani majina yao hayajaingia kwenye listi ya mishahara ya serikali, na wanaishi kwa primu itokayo kwenye ada za wanafunzi. Asiyelipwa mwenyewe atamlipaje wa kumshika mkono? Na mtu akitaka cheti cha daktari bingwa, njia ni ya Uvira, kisha Bukavu, kwa pikipiki juu ya barabara ya RN5 ambayo masika huigeuza tope. Na tangu Februari 2025, Bukavu ilipoingia mikononi mwa waasi wa M23, safari hiyo si ya tope tu tena.

Hadi hapa nimesema fimbo, na fimbo huonekana. Kuna asistanti mmoja Baraka, dada mdogo kwangu kwa umri, ambaye ukimtazama hutamwona na kitu. Ana seli mundu, mtaani watu husema tu, “yeye ni SS.” Utafiti wake ni wa mama wanaokausha na kuuza ndakala, dagaa wa ziwani, ufukoni: wanakopeshana vipi, nani anapanga bei boti zikirudi alfajiri. Alfajiri ya ziwa ina baridi, na baridi ni adui yake, pamoja na kiu, uchovu na homa ya malaria. Nilikuwa naye siku moja soko likianza. Alikuwa na chupa ya maji ya lita moja na nusu, anakunywa kila baada ya kumaliza kuongea na mama mmoja, kama mtu anayelipa deni kidogo kidogo. Kwenye mama wa nne aliacha kuandika. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akashika goti kwa mikono miwili, akamwambia mdogo wake wa kiume bila kuinua kichwa, “Endelea wewe. Uliza mkopo, halafu bei.” Kijana akachukua daftari. Mama muuzaji akasema, “Pole, mutoto wangu,” akahamisha beseni ili ampe kivuli, akaendelea kujibu maswali ya kijana. Hakuna aliyeona ajabu.

Kwa ugonjwa wa namna hii msaada mkubwa kuliko yote ni muda, na muda ndio ambao chuo kinaugawa kwa ubahili. Asistanti ana mandati, yaani muhula wa kazi, ya miaka miwili-miwili. Ndani yake afundishe, aandike makala, apande awe shefu wa travo, cheo kinachofuata. Saa hiyo haisimami mtu akilazwa. Wiki tatu za krizi ya maumivu, wiki moja ya kuongezewa damu, wiki mbili za kujikongoja, na mwisho wa mwaka jalada linasema tu kwamba makala ni pungufu. Wenzake humshikia vipindi, jambo la utu linalonifurahisha, lakini vipindi vile haviandikwi popote: si kwa jina lao, wala kwa jina lake. Ni lubunga tena. Haraka, joto, na bila hesabu.

Ninachokitaka kwa vyuo vyetu hakihitaji dola za mfadhili. Mandati ya mgonjwa isimame kwa siku alizolazwa, kwa karatasi ya kituo cha afya cha hapahapa. Anayemshikia vipindi aandikiwe saa zake katika jalada lake la kupandishwa cheo. Na kijana anayemsindikiza mtafiti, awe anaongoza fimbo au anashika daftari, asamehewe minervali mwaka huo na jina lake liingie kwenye kazi. Kasi tunayo kutoka lubunga. Kwa Al-Azhar tuazime wazo la fungu lisilotegemea moyo wa mtu, na kutoka Bwami lile la msindikizaji mwenye ngazi yake.

Vita vya 1996 vilituvusha ziwa. Baba mdogo alifia katika kambi ya Lugufu, upande wa Kigoma. Kaseti zake nyingi zilipotea. Zilizobaki ni 11, na nyingine zimeliwa na unyevu. Nilizisikiliza kwa mara ya kwanza nikiwa mtu mzima. Kila moja inaanza kwa namna moja: sauti yake inataja kijiji, siku, jina la mzee na ukoo wake. Kisha inataja jina langu, na kusema kwamba huyo ndiye aliyeshika fimbo. Sikujua kama alikuwa akifanya hivyo. Wakati ule nilikuwa nje, nikicheza.

Yule asistanti nilimsimulia habari ya kaseti. Mwezi uliopita amepeleka chuoni barua ya kurasa mbili. Ukurasa wa kwanza unaomba mandati yake irefushwe kwa siku 74 alizolazwa, na kila siku imeandikwa tarehe. Ukurasa wa pili ni wa mdogo wake, aliye darasa la sita la sekondari na anayekabili mtihani wa taifa mwaka huu: siku alizofanya kazi ufukoni, mama aliozungumza nao, na cheo anachoombewa, msaidizi wa utafiti. Bado hawajajibiwa. Kijana amerudi ufukoni, kwa kuwa boti zinarudi kila alfajiri, na dada yake yuko kitandani wiki ya pili.